Sindano ya Maji

Wewe uliyekuja juzi na baiskeli yenye pancha, koti jeupe umelikunja kwenye kerea ili kila mtu alione, nakuandikia wewe kwanza. Wenzako watasomewa. Ulisimama kwenye banda langu la baiskeli Mwanjelwa, hapa Mbeya, ukawa unawahadithia watu habari ya dresa mmoja, mhudumu wa vidonda na sindano kama wewe, aliyenaswa na mofini, ile dawa kali ya maumivu. Ukasema, "Mtu wa namna ile ni mwizi tu. Mfukuze, mfunge, basi." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika mpira wa tairi. Mshukuru Mungu haikuwa spana.

Najua mnavyosema. Huyu naye kastaafu nini, hata mvi hana! Kweli sina. Nina miaka thelathini na mmoja na udresa nimeshauacha, na kilichonistaafisha ni mdomo wangu, nitafika huko. Lakini miaka yote niliyokaa kwenye wodi kule Chunya, nimeona kitu ambacho nyie kwenye mafunzo yenu mnaambiwa kwa mstari mmoja, halafu mwalimu anafungua ukurasa mwingine. Mimi ukurasa ule sijaufunga mpaka leo.

Mimi sikusomeshwa. Baba alikuwa Mswahili wa Iringa mjini, muuza chumvi na kanga, akanitia chuoni nikasoma Kurani, basi. Herufi za Kizungu nilijifunza mwenyewe kwenye vibandiko vya chupa. Neno la kwanza kulisoma peke yangu lilikuwa la Kizungu, maana yake sumu. Pembeni walichora fuvu, kwa hiyo nilisaidiwa kidogo.

Nilianza kwa kufagia zahanati ya mgodi mmoja wa dhahabu kule Chunya. Vumbi la Chunya mnalijua. Ukimaliza kufagia mlangoni, nyuma yako panahitaji kufagiwa. Aliyenitoa kwenye ufagio ni Mzee Asajile, Mnyakyusa, dresa mkubwa pale. Aliniona nachungulia anavyonoa sindano. Angenifukuza, wengine walikuwa wananifukuza. Yeye akasogea kwenye benchi, akapiga ubao kwa kiganja, "Kaa. Ukiiba kwa macho utaiba vibaya."

Nyie sindano mnachemsha tu mnarudisha kwenye bomba. Yeye alikuwa anainoa kwenye jiwe laini lenye mafuta, taratibu, halafu anaichukua ncha anaipitisha kwenye pamba. Pamba ikinasa uzi mmoja, mmoja tu, anarudi kwenye jiwe. "Uzi huo," anasema, "ni nyama ya mtu." Na siku zile penisilini ilikuwa inachomwa kila baada ya saa chache, mchana na usiku, si hii yenu ya mara moja kwa siku. Wagonjwa walikuwa wanalala kifudifudi wodi nzima, mtu akiingia kuwaona ndugu zake hajui nani ni nani. Lakini wa Mzee Asajile walikuwa wanageuka na kukaa bila taabu. Ndo ujue mkono wake.

Na alikuwa na sharti moja. Usimwambie mgonjwa haiumi. Ukimdanganya kwa sindano, kesho hatakuamini kwa dawa. Sema, "Inauma. Nipo." Halafu choma.

Yule mzee alinilea. Mke wake alikwisha kufa, mtoto wake wa kiume Lugano alikuwa amekwenda migodi ya Afrika Kusini, akamwacha mke wake Sekela na mtoto mchanga kwenye nyumba ya ng'ambo ya ua. Mimi nikala pale, nikafuliwa pale. Mtu akimsema Mzee Asajile nilikuwa napigana. Sitanii. Nilishampiga mpishi wa mgodi kwa sababu alimwita "babu".

Sasa sikilizeni.

Mwaka mmoja lori lilipinduka kwenye mteremko wa kwenda Mbeya, Mzee akiwa juu ya mizigo. Mguu ukavunjika mara mbili. Alilala hospitali wiki nyingi, na kila siku alikuwa anachomwa mofini, na ilikuwa haki yake, mguu ule ulikuwa kama kuni. Akarudi Chunya na fimbo. Na ufunguo wa kabati la dawa kali akarudishiwa, kwa sababu ni yeye mkubwa.

Nikaanza kuona vitu. Naona, halafu naviondoa kichwani kama mtu anayefukuza nzi. Alikuwa anajikuna pua na mikono muda wote. Nikasema vumbi. Akawa anasinzia kwenye kiti katikati ya neno, anaanza "Rajabu, niletee..." halafu kidevu kimelala kifuani. Nikasema uzee. Kitone cheusi cha jicho kidogo kama ncha ya pini, hata ndani ya stoo yenye giza, ambapo la kwako na langu linafunguka kama la paka. Hilo sikulitafutia hata jina. Choo kikawa kinamfunga, anakunywa chumvi ya haluli kama uji. Jua la Chunya lile, yeye mikono ya shati imefungwa mpaka kwenye vifundo. Na sindano, jamani, sindano akaacha kuzipitisha kwenye pamba. Hapo ningeshtuka, hata kama yote mengine sikuyaona. Mtu akiacha kile alichokuwa anajivunia, muulize kuna nini.

Nilikuwa naweza kukutajia dalili za homa ya matumbo huku nimelala. Za Mzee wangu nilikuwa nazijibu majibu ya mjinga, na nilikuwa najibu kwa hasira, maana moyoni nilishajua kuna kitu.

Halafu akaletwa Yohana.

Yohana alikuwa mchimbaji, Mbena, kijana mnene mwenye kucheka. Jiwe lilimwangukia mkono wa kulia, vidole viwili vimekuwa bapa. Mzee akavuta dawa kwenye bomba, akamchoma begani. "Mofini hiyo. Ngoja kidogo, kisha safisha, Rajabu." Akaondoka na fimbo yake kwenda stoo.

Nikangoja. Nikaanza kusafisha. Yohana akapiga ukelele mpaka bati likaitika.

"Mmenichoma nini?"

"Dawa ya maumivu. Tulia."

"Dawa gani? Mmenichoma maji!"

"Nyamaza wewe! Mwanaume gani unalia hivi? Wenzako wanakatwa mguu hawasemi kitu."

"Kaka, nakuapia, ni maji. Nilichomwa mwaka jana ya kweli, naijua. Hii ni maji."

Nikamwambia mwoga. Nikamwambia mbele ya wachimbaji wenzake waliomleta, wakacheka. Yule kijana akachukua kola ya shati lake akaing'ata, akanyamaza mpaka nimemaliza. Machozi yanatoka tu. Na alikuwa amesema kweli neno kwa neno.

Jioni, jua bado lipo, nimekwenda kula. Sekela akanisimamisha kwenye ua. Lazima muelewe mila ya Wanyakyusa hapo. Mke wa mtu hamwangalii baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hamtaji jina, wakikutana njiani mwanamke anaingia kwenye majani anajifunika. Chakula cha Mzee, Sekela alikuwa anakiweka mlangoni, anakohoa, anakimbia. Tangu aolewe hajawahi kumwona sura. Sasa msikieni aliyemtambua ni nani.

"Kaka Rajabu, nikuulize kitu cha kazi yenu. Mtu akijitoboa mkono wake mwenyewe kila siku, anatibu nini?"

"Mtu gani?"

"Wa ng'ambo ya ua."

"Nani kakwambia anajitoboa?"

"Shati nafua mimi. Mkono wa kushoto, hapa kwa ndani, vidoa vya damu. Kila siku."

"Mbu."

"Mbu wa upande mmoja?"

Nikamwona ana dharau. Nikamwambia, "Wewe unataka kumharibia jina baba mkwe wako?"

"Mimi namsikia tu," akasema. "Alfajiri chafya, miayo, pua inatiririka, chooni mara tano, mara sita. Anamgombeza hata kuku. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Akienda kazini, akirudi saa nne kunywa chai, kimya. Amepona. Sasa wewe mtu wa hospitali niambie, malaria gani hiyo inaponea kazini?"

Nilimtukana. Nasema kweli, nilimtukana mke wa Lugano, nikaacha na chakula. Lakini sikulala vizuri, na kesho yake asubuhi niliingia stoo bila kubisha hodi.

Alikuwa amekaa juu ya sanduku, mkono wa shati umepandishwa, mpira wa kufungia mkono ameung'ata kwa meno. Bomba liko mkononi. Upande wa pili wa ukuta tunamsikia Yohana analia wodini.

"Funga mlango, mwanangu," akasema.

Nikaufunga, na mimi nikiwa ndani. Ningeufunga nikiwa nje, nikaenda moja kwa moja kwa daktari, yaliyofuata yasingefuata.

"Ulianza mguu," akasema. "Sasa si mguu tena, Rajabu. Nisipochoma, kila asubuhi nakufa. Nimejaribu kuacha. Unadhani sijajaribu?"

"Na Yohana?"

Akaweka bomba chini.

"Ulimchoma nini Yohana?"

"Maji," akasema. Mzee wangu wa pamba, aliyeniambia uzi mmoja ni nyama ya mtu. "Nilimchoma maji."

Mimi hasira zangu zinakuja haraka na zinaleta akili mbovu. Nikasema hakuna atakayejua. Nitamtoa kwenye dawa mwenyewe. Nikachukua ufunguo wa kabati mfukoni mwake, nikampa Yohana dawa yake ya kweli, nikaandika Mzee Asajile ana malaria, nikamfungia nyumbani kwake na ndoo, mtungi wa maji na uji. Siku tatu, nikasema. Mwanaume atavumilia siku tatu. Mnaona? Neno lile lile nililompiga nalo Yohana.

Siku ya kwanza alinitukana Kinyakyusa, Kiswahili na Kizungu cha kambini. Ngozi imesimama kama ya kuku aliyenyonyolewa, jasho, miguu inarusha mateke yenyewe. Siku ya pili anatapika, anahara, uji hauingii, maji hayakai. Nikakaa mlangoni na fimbo yake mwenyewe mapajani kama askari. Nilijiona mwaminifu sana.

Asubuhi ya tatu Sekela akakohoa kule uani.

"Kaka, sauti imebadilika."

"Kaa kando."

"Jana alikuwa anatukana. Anayetukana ana nguvu. Leo hatukani."

"Nimekwambia kaa kando, mwanamke!"

Akakaa kando kweli. Akambeba mtoto mgongoni akaenda. Nikasema kasusa. Kumbe ilikuwa siku ya daktari, kaenda kumwita. Tulikuwa na daktari mmoja Mhindi, mpole, anakuja kutoka Mbeya mara moja kwa wiki. Saa sita mchana namwona anaingia uani na mkoba wake.

"Rajabu, nini hapa?"

"Malaria, Daktari. Kali. Lakini inashuka."

Alikuwa anataka kuniamini, nikaona. Nilikuwa mtu wake, sijawahi kumdanganya. Akageuka nusu kama anayetaka kwenda zahanati kwanza. Na hapo ndo nikamwona Sekela. Alikuwa anaingia uani kinyumenyume, hatua kwa hatua, mgongo kauelekeza mlangoni, kanga imemfunika kichwa mpaka machoni. Akasimama katikati ya ua, anaangalia njia, anatuonyesha mgongo.

"Daktari," akasema, "aliye ndani hana malaria. Anajichoma dawa ya kabatini tangu avunjike. Huyu kaka anampenda, amemfungia ili apone. Aliye ndani anakufa. Mimi siruhusiwi kumwangalia. Wewe unaruhusiwa. Mwangalie."

Nikasema, "Huyu mwanamke hana akili." Midomo yangu ilisema hivyo. Daktari akanipita.

Alimfinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama, hairudi. Jueni hiyo, ni mwili umekauka maji. Akamfunua jicho, kitone kimepanuka jicho zima. Akaniita.

"Malaria inafanya hivi?"

"Hapana."

"Ulitaka kumponya au kumficha?"

Nikaiegemeza fimbo ya Mzee ukutani.

Akamtia maji ya mshipa. Halafu akavuta mofini, kidogo, akamchoma. Nikaruka, "Unampa tena? Hiyo hiyo inayomwua?" Akanishika bega, akanieleza polepole kama anayemweleza mtoto. Mwili umezoea, ukiukatia ghafla unaasi. Inapunguzwa kidogo kidogo, hospitali, mbele ya macho ya watu wanaojua, mpaka mwili usahau. Akasema na kitu kingine, mkiandike hiki: mtu akikaa bila ile dawa halafu siku moja akarudia kipimo chake cha zamani, anaweza kulala asiamke. "Ungemtoa leo," akasema, "na kesho akapata chupa, ungemzika." Akasema ni ugonjwa. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia mtu akiuita hivyo.

Mbeya kila dresa alikuwa anamjua, angekufa kwa aibu. Daktari akaandika barua, tukampeleka Iringa, hospitali moja ya misheni huko vilima vya Kilolo. Baridi ile! Mimi mtoto wa Iringa nilitetemeka kuliko mgonjwa. Sista aliyetupokea alikuwa Mzungu mzee, akatuamkia "Kamwene" kwa Kihehe safi kunishinda mimi niliyezaliwa kule. Kipimo alikijua yeye tu. Kila siku chache kinapungua, Mzee haambiwi lini. Mguu ukapewa dawa nyingine na kunyooshwa kila asubuhi. Zaidi ya mwezi.

Na Sekela alikuja. Hawezi kuingia wodini, basi alikuwa anakaa nje chini ya dirisha, mgongo kwenye ukuta, anasema kwa sauti habari za nyumbani. Mahindi, mtoto kaota jino, mbuzi kaingia kanisani. Mzee naye haruhusiwi kumjibu, kwa hiyo ananiambia mimi, "Mwambie arudie ya mbuzi." Naye yuko hatua mbili, amesikia yote. Natoa kichwa dirishani, "Anasema urudie ya mbuzi." Anarudia. Sista alidhani wote watatu tunahitaji kitanda.

Siku moja mbaya, Mzee kaukunja mwili kama mtoto, akaniuliza, "Rajabu, itaisha lini?" Nikataka kusema inaisha sasa hivi, haiumi. Nikakumbuka nani alinifundisha. Nikasema, "Inauma. Nipo." Na kutoka chini ya dirisha ikaja sauti, "Tupo."

Msidhani baada ya hapo ni ngoma. Miezi michache mbele mguu ulimsumbua, akanunua dukani chupa ya dawa ya kifua yenye afyuni ndani, ukoo mmoja na mofini, zinauzwa wazi kama mafuta ya taa, na huyo muuzaji nisikutane naye. Lakini safari hii alisema mwenyewe. Akapanda basi kurudi Kilolo peke yake. Sista akamwambia, "Kamwene. Kitanda ni kile kile." Hakumwuliza kwa nini. Wangapi kati yenu mngenyamaza hivyo?

Aliporudi Chunya, kwanza alikwenda kwa Yohana. Nilikuwepo. Alisema yote bila kujitetea. Yohana alitazama mkono wake wenye vidole vitatu. Halafu akasema, "Wewe nimekusikia, mzee. Na huyu aliyeniita mwoga, yeye ana mdomo wa matusi tu?" Nikapiga magoti mchangani. Ilinichoma kuliko sindano butu.

Bwana mkubwa wa mgodi akamfukuza. Ufunguo asipewe, hiyo sawa, Mzee mwenyewe alisema asipewe. Lakini kumtoa mtu aliyewachoma watu wake miaka yote ile, asinoe hata sindano, asifunge hata kidonda, kumwita mwizi mbele ya wodi! Nikamwambia bwana mkubwa maneno ambayo karatasi hii haitayabeba, nikavua koti nikaliacha juu ya meza yake. Ndo kustaafu kwangu. Sijutii. Najutia zile siku tatu za mlango, na Yohana, kila siku.

Sasa wewe wa pancha. Ulipokuwa unacheka hapa, nyuma yako alikaa mzee mwenye fimbo, ameinama kwenye beseni, anazamisha mpira wako majini atafute tundu. Alikusikia. Tundu akalipata, akalikwaruza, akaliziba, akajaza upepo, akakwambia, "Tayari, mwanangu." Ukaondoka bila asante.

Rudi. Usije na pole, hataki. Njoo na sindano zako, na pamba. Mikono yake haitetemeki siku hizi, na jiwe lake analo. Atakuonyesha uzi mmoja unavyonasa. Na kama kuna mwenzenu huko wodini ameanza kuvaa mikono mirefu kwenye jua, anasinzia katikati ya neno, anapona akifika kazini, usimcheke na usimfungie. Mpeleke kwa daktari, na wewe ukae naye. Akikuuliza kama inauma, unajua la kumjibu.